Kusimama Bila Mtungi

Feza mwanangu,

Umekwenda Swima kumuaga nyanya yako, na tangu ulipopotea kwenye kona ya njia mimi sijatulia. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nimefungua valizi yako, nikakunja upya nguo ulizozikunja mwenyewe, nikaifunga. Nimekwenda hadi ukingoni kutazama ziwa, kana kwamba ziwa lina habari ya kunipa, nikarudi. Baba yako yuko hapa nje anashona wavu. Ameniambia, "Mama Feza, ikala basi. Unazunguka sawa kuku inatafuta fasi ya kutaga." Basi nimekaa, nimetafuta kalamu. Afadhali mikono ishughulike na kazi hii kuliko kuifungua valizi tena.

Barua hii nitakupa ukirudi. Uisome kabla ya kulala, peke yako, wala usije kuniuliza neno. Sisi wawili tukianza kuzungumza tutalia, na unajua mimi nikianza kulia hutokea nini.

Sitakuandikia habari za kufua, za kusali, za kuwaheshimu walimu, wala za vijana wa Bukavu na baiskeli zao. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na bila shaka nyanya yako anakurudia yote sasa hivi. Mimi nataka kukuandikia juu ya kusimama kwa mguu mmoja. Najua hapo umekunja uso. Soma tu.

Nianze na lile ambalo hatujalizungumza tangu mwaka jana.

Ulikuwa umeshapanda boti. Maji ya kwetu Baraka pale ufukweni ni machache na boti haiwezi kusogea, kwa hiyo ulivuka kwa miguu, maji yakakufika kiunoni, valizi kichwani, na wamama wa mtaa wakakupigia vigelegele. Msichana wa kwanza wa mtaa wetu kwenda Bukavu kusomea kuzalisha! Mimi nilikuwa nimejiapia kwamba sitalia. Halafu mwenye boti akawasha mashine, ukageuka ukanitazama, na ndani yangu kitu kikapasuka. Nilipiga kelele. Hakikuwa kilio cha kuagana, kile ambacho kila mama hulia na dakika ile ile anacheka. Kilikuwa kilio cha msibani, mikono juu ya kichwa, na nikajitupa mchangani kweli kweli. Nilipoinua uso nikakuona uko ndani ya maji, valizi imelowa, unarudi kwangu. Boti iliondoka bila wewe.

Jioni yake uliniambia neno moja tu. "Mama, ulilia sawa vile mutu amekufa. Nikaona ni miye nimekufa." Nikaendelea kukamua nguo zako zilizolowa. Nafasi yako akapewa mwingine. Mwaka huu wamekuita tena, na wametuma neno kwamba usipofika safari hii hawatakuita kamwe. Ndiyo maana sikai kitako. Siogopi ziwa, wala barabara ya Uvira, wala Bukavu. Naogopa koo langu mwenyewe.

Sasa nikueleze habari za Mama Savita, Savita likiwa jina lake mwenyewe. Humkumbuki vizuri, ulikuwa mdogo alipohama. Mume wake alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko, na mimi nilikuwa nampelekea maji kutoka mto Mutambala kwa sababu maji ya kisima chao yalimsumbua tumbo. Alikuwa mwanamke wa kuogopa kila kitu. Aliogopa ziwa. Aliogopa ngurumo. Aliogopa ng'ombe wanaoteremshwa kutoka Bibokoboko siku za soko. Hata wateja wa mume wake aliwaogopa, ukimsalimu anakujibu akiwa nyuma ya mlango. Sisi wamama tulimcheka mno. Tulisema yule Mhindi ameoa kivuli.

Asubuhi moja niliingia uani kwao mapema kuliko desturi, mtungi kichwani, nikamkuta amesimama juu ya mkeka kwa mguu mmoja. Unyayo wa mguu wa pili ameukandamiza kwenye paja, viganja vimekutana juu ya kichwa, macho wazi, hatazami mtu. Yule yule mwoga wa nyuma ya mlango! Nilikuwa sijamwona mtu aliyetulia namna ile. Niliweka maji chini nikakimbia, nikamwambia baba yako kwamba mke wa Mhindi ni mchawi, tena analoga mchana kweupe bila aibu. Baba yako akaniuliza, "Anamuloga nani?" Swali hilo lilinikera kuliko uchawi wenyewe.

Nilirudi kesho yake. Usifikiri ni kwa ushujaa, ulikuwa udadisi tu, ule ule unaokufanya wewe uchungulie vyungu vya watu. Nikawa naleta maji mapema makusudi, nasimama kando, natazama. Siku moja akanipungia mkono nisogee.

"Kuya, mama," akasema. "Hii haiko dawa. Inaitwa yoga. Baba yangu alinifundisha nikiwa mutoto, juu ya woga, nilikuwa naogopa sana."

"Na sasa hauogope tena?" nikamuuliza.

"Naogopa kila siku," akasema. "Lakini asubuhi miye niko na fasi moja ya kusimama. Kisha miye na woga tunaenda kwa kazi pamoja."

Nilimcheka moyoni, Feza. Mwanamke wa Baraka afundishwe kusimama? Mimi ambaye tangu utoto nimepanda kutoka mtoni na mtungi kichwani bila kuushika, njia inateleza, mtoto mgongoni, jembe mkononi, na bado napiga domo na wenzangu njia nzima? Nikautua mtungi, nikasimama mbele yake kwa majivuno, nikainua mguu. Nikaanguka. Nikainua tena, nikaangukia upande wa pili, na kiti chake nacho nikakiangusha. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku niliyoijua sauti ya kicheko chake.

Nikakasirika. Nikazungusha ngata yangu, nikajitwika mtungi umejaa pomoni, nikainua mguu. Nikasimama wima kabisa, hata maji hayakutikisika. Nikamwambia, "Ona sasa!" Savita akaacha kucheka. Akanizunguka akinitazama, mguu, mgongo, shingo, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua. Alisema hajaona jambo kama hilo kwao wala kwingine.

"Mama," akasema, "weye unajua kubeba. Kusimama haujajua."

Neno hilo liliniuma, na nilibaki nalo njiani kote. Kwa muda mrefu nilifanya yoga na mtungi kichwani, ndiyo, cheka tu. Nikiwa nao nasimama, nikiutua naanguka. Shingo yangu, mgongo wangu, miguu yangu, vyote vilijua kazi yao chini ya mzigo. Mzigo ukiondoka, mwili unakuwa kama nyumba ya jirani, sijui mlango uko wapi. Ndipo nikaanza kujichunguza nje ya uani pia. Nikagundua kwamba nikiwa na mtoto mgongoni naweza kumfokea hata polisi. Nikiwa na kapu la mihogo kichwani nampita mkubwa yeyote bila kuinama. Lakini nikitembea peke yangu, mikono mitupu, nainamisha macho hata kwa muuza chumvi, nasema polepole kana kwamba naiba maneno. Ujasiri wangu wote ulikuwa wa kukopa kutoka kwa kile nilichobeba.

Savita hakunihubiria. Alichofanya ni kupunguza maji. Leo mtungi umejaa, siku nyingine nusu, kisha kidogo chini, kisha mtungi mtupu, kisha ngata peke yake. Hiyo ngata ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko vyote. Kitambaa tu, hakina uzito wowote, na bado sikuthubutu kukivua. Siku nilipokivua mguu ulitetemeka, ukashuka. Nikauinua, ukashuka. Nikauinua. Halafu nikasimama. Sikubeba kitu, hakuna aliyeningojea, hakuna aliyenihitaji kwa dakika ile, na bado nilikuwepo. Nililia, mwanangu.

Baba yako amepiga kelele kwamba maharagwe yanaungua. Nimekwenda kuyaepua, nimerudi. Yameungua kweli. Utakula hivyo hivyo usiku huu, na ukiwa Bukavu utayatamani.

Nilikuwa naelekea kwenye pumzi. Savita alisema kusimama ni nusu tu ya kazi. Mtu akiogopa, pumzi hupanda juu ya kifua na kubaki huko, fupi fupi, na sauti inafungiwa chini yake. Kwa hiyo unavuta kwa pua taratibu mpaka tumbo lijue, unashika kidogo, unaachia polepole kuliko ulivyovuta. Huna haja ya mkeka. Unaweza kuifanya mbele ya watu na hakuna atakayejua. Mimi niliifanya mbele ya wazee wa kanisa.

Hadithi hiyo umeisikia kwa watu, sasa uisikie kwangu. Habari zilienea kwamba nafuata miungu ya Wahindi. Wakaniita baada ya ibada. Wao walikaa kwenye benchi, mimi wakanisimamisha katikati. Baba yako alikuwa ziwani. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni, umelala. Nyanya yako alikuwa mlangoni. Ndipo nikajua kabisa kwamba nikijibu na wewe uko mgongoni, nitajificha nyuma yako. Nitasema mimi ni mama mjinga mwenye mtoto mdogo, nihurumieni. Basi nikakufungua, nikakukabidhi kwa nyanya yako, nikarudi katikati mikono mitupu. Nyanya yako mpaka leo anadhani nilitaka tu usiamke.

Mwalimu wa kanisa akaanza. "Mama, batu banasema unasali miungu ya Bahindi. Ni kweli?"

Nilivuta pumzi. Ilichukua muda, mmoja akasema, "Ajibu!" Sikuiharakisha.

"Hapana, baba," nikasema. "Nasimama tu."

"Unasimama namna gani?"

"Kwa muguu moja."

Wakacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, kwa woga. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaniuliza kwa upole, "Na kusimama kwa muguu moja kunakusaidia nini, mama?"

"Sasa hivi inanisaidia kusema na nyinyi," nikamwambia. "Zamani singeweza."

Sauti ilitoka nzima, Feza. Haikuwa kubwa wala ya hasira, ilikuwa sauti yangu ninayotumia nyumbani. Mzee mmoja wa mwisho wa benchi akaanza kucheka cheko jingine, la mtu aliyefurahi, na wengine wakalegea. Wakasema hawaoni dhambi. Ila wakaniomba nifanye mambo hayo ndani, mahali watoto wasipoona. Nikasema aksanti, nikatoka.

Hiyo aksanti ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimepata nguvu ya kusimama mbele ya wanaume benchi zima, na papo hapo nikakubali kwenda kuificha nyuma ya jiko. Kwa nini sikusema, wazee wangu, kama si dhambi basi nitafanya uani kwangu jua likinipiga? Sikuona haja. Niliona nimeshinda, niende nyumbani. Lakini kitu kikifichwa kinaanza kunuka hata kama kilikuwa safi. Ulipoanza shule, wenzako walichungulia kwenye ua wa matete, wakaniona, wakaniita Mama Korongo, na wewe mtoto wa Korongo. Ukarudi siku ile na macho mekundu. "Mama, leka basi ile mambo. Banakuiga kwa masomo, batoto yote banasimama na muguu moja na kunicheka." Nikaacha siku hiyo hiyo. Savita alikuwa ameshahamia Usumbura na mumewe, sikuwa na wa kunikemea. Niliona kwamba ndiyo kukupenda kwenyewe.

Nakwambia haya bila kukulaumu. Ulikuwa mtoto, na aibu ya mtoto ni kubwa kuliko nyumba. Lakini tazama kilichofuata. Niliacha, na mwili ukasahau, nikarudi kuwa mtu wa mizigo. Na mzigo wangu mkubwa, ule nilioupenda kuliko yote, ulikuwa wewe. Mama Feza huyo apita, Mama Feza aseme, Mama Feza mwanawe anajua Kifaransa. Nilitembea Baraka nzima na wewe kichwani. Mwaka jana boti ilipowasha mashine, mtungi wangu uliondoka wenyewe na kuketi ndani ya boti, na mimi nikabaki pale ufukweni bila kitu. Nikaanguka. Ni hilo tu lililotokea. Hukufa wewe. Ni mimi niliyekuwa sijui kusimama bila wewe, na nilikuita urudi ili unishike.

Nimechukua mwaka mzima kuweza kuandika maneno hayo. Ngoja ninyooshe mkono kidogo.

Upepo umegeuka. Nimetoka tena kutazama ziwa, limetulia, baba yako anasema kesho litakuwa zuri. Aliniuliza bila kuinua macho kwenye wavu, "Na kesho utalia?" Nikamwambia, "Nitalia." Akasema, "Ile ya namna gani?" Nikamwambia aendelee na wavu wake.

Tangu siku ile ya boti nimeanza tena. Kila asubuhi kabla hujaamka, nyuma ya jiko, juu ya mfuko wa mchele uliochanika. Nilikuwa nimekuwa mzito, nilianguka kwenye kuni, nilikwaruza kiwiko, nikakudanganya kwamba ni mbuzi. Nisamehe kwa mbuzi yule, ulimpiga bure. Na usidhani nimepona woga. Nikisikia mashine yoyote ziwani bado nakimbilia mlangoni kukutafuta. Savita alisema kweli, woga hauendi popote. Tofauti ni kwamba sasa nikiusikia unakuja najua pa kuweka mguu, na ukishapita nipo palepale. Kufanya jambo dogo gumu kila asubuhi, ukaanguka na kuinuka bila mtu kukuona, kunakupa ushahidi. Siku ikija ya kujiuliza kama unaweza, huna haja ya kuuliza watu. Unakumbuka tu asubuhi zako.

Sasa siri yako. Juzi niliamka nikakuta mahali pangu pana mtu. Ulikuwa wewe. Ulikuwa umeinua mguu, unyayo kwenye goti, na mkono mmoja umeushika ukuta wa jiko. Ulimi umetoka nje kwa bidii, kama ulivyokuwa ukiandika herufi zako za kwanza. Nilirudi nyuma kwa vidole nisikushtue, nikaketi kitandani, nikamtikisa baba yako aamke nimwambie, kisha nikashindwa kumwambia. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Korongo ana mtoto!

Basi niache nikupe kitu kimoja tu cha kazi, halafu ninyamaze. Usiuondoe mkono ukutani kwa ghafla ili ujionyeshe kwamba wewe ni hodari, utaanguka na kusema haikufai. Fanya kama maji ya mtungi. Leo kiganja, baadaye vidole, baadaye kidole kimoja kinachogusa tu, na hicho kitang'ang'ania sana, usikicheke. Unyayo weka chini ya goti au juu yake, goti lenyewe liache, nawe utanishukuru ukizeeka. Tazama kitu kimoja kisichotembea. Ukitazama watu utaanguka, kwa sababu watu hawatulii.

Na huko Bukavu utasimamishwa darasani ujibu kwa Kifaransa mbele ya wasichana wa mjini. Sauti itafungwa, naijua sauti yako, ni yangu. Uvute pumzi kwanza, wakisema "ajibu" wewe maliza pumzi yako. Na itakuja siku mama mmoja mwenye uchungu atakushika mkono na kupiga kelele kwamba anakufa, na watu wote chumbani watakutazama wewe, mtoto wa Baraka. Pumua wewe kwanza. Atakufuata. Mimi nilipokuzaa, mama aliyenizalisha alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na ninakumbuka mikono ile mpaka leo. Nataka mama wa watu akumbuke mikono yako kwa namna nyingine.

Watakaokuona ukifanya yoga na kukucheka, wacheke. Asiyekuomba usimfundishe, anayebisha usibishane naye. Ila usiende nyuma ya jiko. Hilo tu nakuomba, kwa sababu mimi nilikwenda, na ikanigharimu mwaka wako mmoja.

Sasa habari ya kesho.

Nitakuja ufukweni mikono mitupu. Valizi utaibeba mwenyewe, kapu la karanga atalibeba baba yako. Ndugu yako mdogo nimeshamwambia jirani amshike, sitaki mtoto mgongoni. Nitakukumbatia mchangani, si majini. Kisha utavuka, utapanda, mwenye boti atawasha mashine yake, na wewe utageuka. Najua utageuka. Usitafute mkono unaopunga, sitapunga. Utaniona nimesimama kwa mguu mmoja, viganja juu ya kichwa, mbele ya soko zima, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya hao waliokuita mtoto wa Korongo na ambao sasa wana ndevu. Nitakutazama wewe peke yako, ingawa nimekwambia tusitazame kitu kinachotembea.

Nimejaribu nyuma ya jiko kulia kile kilio cha msibani nikiwa kwa mguu mmoja. Hakitoki. Pumzi haikitoshi. Baba yako alinifuma nikijaribu, akauliza kama nimeumwa na nge. Machozi yanatoka, hayo sitayazuia, na wewe usiyahesabu.

Lakini mchanga wa pale ni laini, Feza, na mimi si msichana tena, na wewe utakuwa unazidi kuwa mdogo kule majini. Huenda nikatikisika. Huenda ukaona mguu wangu umegusa chini. Ukiona hivyo, mwanangu, usishuke kwenye boti. Keti palepale ulipo, uendelee kutazama.

Nitauinua tena.

Mama yako